Tuwaachie Nini Warithi?

Ndugu zetu Waislamu, twawasikia wengi wakisema, "Rizki yatoka kwa Mungu," kisha wakifa, mayatima wao huranda milangoni. Huko si kutawakali, ni uzembe. Mtume (S.A.W.) alimzuia Saad bin Abi Waqqas asiusie zaidi ya thuluthi, warithi wake wasije wakaomba watu.

Bima ya biashara, wanazuoni wa Baraza la Fiqhi waliokutana Jidda mwaka 1985 waliiharimisha kwa gharari kubwa iliyomo. Ya kusaidiana wakaihalalisha.

Basi kijana na aweke akiba. Mwenye watoto na achangiane na wenziwe. Mzee na alipe madeni, aandike wasia. Tukiyaacha haya, mayatima wetu watamlaumu nani? Wabillahi taufiki.