Lithiamu ni ya Nani?

Ukitazama kutoka Kashikishi, ng'ambo ya Ziwa Mweru ni Kongo. Huko ndani, Manono, kuna lithiamu nyingi, madini ya betri za simu, na makampuni yanaigombania.

Sayansi yatueleza kuwa sehemu ya lithiamu ilitokea dakika chache baada ya ulimwengu kuanza. Nyingine baadaye, mionzi ya angani ilipopasua viini vya kaboni na oksijeni kati ya nyota. Ni kongwe kuliko dunia yetu.

Kibali na gharama za kuchimba vinampa mtu haki ya kunufaika. Havimpi haki ya kudhulumu. Hakuiumba. Yeye ni khalifa, na mali ni amana. Ndugu zangu, mchimbaji akipunjwa ujira wake, sisi wenye simu tutajibu nini Siku ya Hesabu?