Itoe Ile Karatasi Kabatini

Unaijua. Ile ya mahakama. Umeikunja mara nne, ukaisukuma chini ya nguo za baridi, na kila ukifungua kabati unajifanya huioni.

Ulikuwa na miaka 22. Jumamosi usiku, sherehe ya rafiki, chupa ya mwisho ambayo hata hukuwa na hamu nayo. Mara taa nyekundu na buluu zikawaka nyuma ya gari lako. Polisi akakwambia upulize kipimo. Ukapuliza. Ukalala rumande, Dallas au Columbus au Minneapolis, na kulipokucha ukaapa kwamba kwenu Mwanza, au Mombasa, hatajua mtu.

Na siku hiyohiyo, kimyakimya, ukaizika ndoto ya kuwa rubani.

Nani alikwambia uizike?

Nakuuliza tena: nani? Ni daktari wa marubani? Ni barua kutoka FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani? Au ni yule jamaa kwenye kinyozi aliyesema, "Ukishapata DUI, ndege zisahau"?

Umeitupa ndoto ya maisha yako kwa neno la kwenye kinyozi!

Wewe ndiye uliyekuwa ukikimbia nje ndege ikipita, ukipunga mikono na kuipigia kelele mpaka inapotea mawinguni. Wenzako walirudi kucheza. Wewe ulibaki umesimama, shingo imekakamaa, unatazama pale ilipopotelea. Mtoto yule yuko wapi? Hajafa. Amelala tu, na wewe ndiye uliyemfunika shuka.

Basi mfunue. Tuna kazi.

Kesi moja ya kuendesha gari ukiwa umelewa, hiyo DUI, haikufungii njia ya kuwa rubani. Wapo walionayo na leo wanarusha ndege. Njia inafungwa na ulimi unaodanganya. Inafungwa na mkono unaoendelea kushika chupa. Na inafungwa na miaka unayoipoteza ukingoja rekodi ijifute yenyewe.

Haijifuti.

Sikiliza namna mambo yanavyokwenda. Ili urushe ndege Marekani kama mwanafunzi au rubani wa abiria, kwa kawaida unahitaji cheti cha afya. Kabla daktari hajakupima macho wala moyo, unajaza fomu ya FAA kwenye mtandao, kwenye mfumo wa MedXPress. Fika swali la 18, herufi v. Hapo hawakuulizi mwaka jana ulifanya nini. Wanakuuliza maisha yako yote. Na hawaulizi hukumu peke yake, wanauliza hata kukamatwa.

Kesi ilifutwa? Jibu ni ndiyo.

Wakili aliisafisha rekodi? Jibu ni ndiyo.

Hakimu alikuhurumia, akakupeleka darasa la madereva walevi, ukamaliza? Jibu bado ni ndiyo.

Ndiyo! Herufi tano. Umezikimbia miaka mingapi?

Najua shetani anakunong'oneza nini. Andika hapana, nani atajua? Watajua. Unaposaini fomu ile unawapa FAA ruhusa ya kuitafuta rekodi yako kwenye rejista ya madereva ya taifa zima. Wanaitafuta. Na fomu yenyewe inakuonya: kudanganya ni kosa la jinai la serikali kuu, faini inaweza kufika dola 250,000 na kifungo miaka 5. Juu ya hayo, wanaweza kukufutia kila leseni ya urubani uliyonayo. Hebu pima. Kosa la usiku mmoja lingekugharimu karatasi, ada ya daktari na miezi ya kungoja. Uongo wa dakika moja unakugharimu kila kitu, tena labda miaka kumi baadaye, ukiwa umeshavaa sare, una mke, una mkopo wa nyumba.

Mficha uchi hazai. Ulisikia methali hiyo ukiwa mdogo, ukadhani ni ya wagonjwa tu.

Sasa chukua ile karatasi, tafuta namba ya kipimo. Usiseme hukumbuki! Ilikuwa ngapi?

Kama ni tukio moja tu maishani, na pombe kwenye damu ilikuwa chini ya asilimia 0.15, na hakuna dalili nyingine ya tatizo, daktari ana ruhusa ya kukupa cheti. Umesoma vizuri? Ana ruhusa. Na umekaa miaka yote hiyo ukilia.

Kama ilikuwa 0.15 au zaidi, daktari hawezi kuamua peke yake, faili lako linapelekwa FAA, nao watataka mtaalamu wa ulevi akuchunguze. Wana sababu. Kikomo cha dereva katika majimbo karibu yote ni 0.08. Mtu anayefika karibu mara mbili ya hapo na bado ameshika usukani, mwili wake umeshazoea. Hawakuonei, wanauliza swali ambalo wewe mwenyewe ulipaswa kujiuliza. Na kama ulikataa kupuliza ukidhani umewazidi akili, ujue kukataa nako kunalipeleka faili lako njia ileile.

Sasa tuongee kama ndugu. Unakunywa bado?

Usinijibu haraka.

Kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza maisha yao, na inaniuma kuliko jambo lolote katika habari hii. Mtu akionekana ni mtegemezi wa pombe, kanuni za FAA zinataka ushahidi wa kupona, pamoja na kutokunywa kabisa kwa muda usiopungua miaka 2. Si kupunguza. Si bia mbili za Jumapili na wenzako. Kabisa.

Miaka miwili! Unashika kichwa. Ni mingi sana, unasema.

Tuseme ulikamatwa 2021. Ungeiweka chini glasi wiki ile, 2023 ungekuwa umemaliza. Umefanya nini na miaka hiyo? Umeihesabu? Miaka miwili imepita ukiwa umekaa ukisema miaka miwili ni mingi, ikapita mingine, na itapita tena, unywe usinywe. Saa ile haianzi kuhesabu siku ya hukumu. Haianzi siku unayomaliza faini. Inaanza siku unayoacha kunywa, na hakuna hakimu, wakili wala mchungaji anayeweza kukuanzishia.

Wewe tu.

Unadhani hadithi yako ni mbaya kupita zote? Njoo nikuoneshe mtu.

Tarehe 8 Machi 1990, ndege ya Northwest, Boeing 727, iliruka Fargo kwenda Minneapolis. Marubani wote watatu walikuwa na pombe mwilini. Kapteni alikuwa Lyle Prouse, aliyewahi kuwa rubani wa kivita wa kikosi cha Marine. Abiria walikuwa kwenye viti vyao, wamefunga mikanda, wamewaamini. Ndege ilitua salama, marubani wakakamatwa.

Sitalipunguza kosa lile. Ni zito. Na Prouse aliangukiwa na uzito wake wote: kazi ikaenda, leseni zote zikafutwa, nchi nzima ikamcheka kwenye televisheni, akahukumiwa kifungo cha miezi 16. Alikuwa na miaka zaidi ya 50, na wakati ule rubani wa abiria Marekani alilazimika kustaafu akiwa na 60.

Angekosa sababu ya kukata tamaa? Nani angemlaumu angekaa barazani mpaka mwisho wa maisha yake?

Aliacha pombe. Alitibiwa. Alitumikia kifungo. Akatoka, akaanza masomo ya urubani upya kama kijana asiyejua kitu, kwenye vindege vidogo, mtihani kwa mtihani, leseni kwa leseni. Kapteni wa ndege kubwa akijifunza tena kuomba ruhusa ya kuruka peke yake! Northwest, kampuni ileile, ikamrudisha kazini. Mwaka 1998 alistaafu akiwa kapteni wa Boeing 747. Mwaka 2001 Rais Clinton akampa msamaha, na miongoni mwa waliounga mkono ombi lake alikuwamo jaji yuleyule aliyempeleka gerezani.

Mhandisi wa ndege ile, Joseph Balzer, naye alifungwa. Baadaye akarusha ndege za American Airlines.

Na wewe una karatasi ya mahakama ya trafiki!

Waliorudi hawakubahatisha. Tangu miaka ya 1970 Marekani ina mpango unaoitwa HIMS, ulioanzishwa kwa ajili ya marubani wenye tatizo la pombe, na maelfu wamerudi kazini kupitia humo. Si njia ya mteremko. Kuna matibabu, kuna vikao, kuna daktari wa akili, kuna majaribio ya kumbukumbu na umakini wa ubongo, kuna vipimo vya ghafla: simu inalia leo, leo unakwenda kutoa mkojo au damu. Kipimo cha damu kinachoitwa PEth kinaona pombe uliyokunywa wiki kadhaa nyuma, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaacha siku tatu kabla. Lakini wanaokubali njia hii, FAA inaweza kuwapa kibali maalumu, wengine hata kabla ya miaka 2 kutimia, kwa sababu kutokunywa kwao kunaonekana kila mwezi kwa macho ya watu.

Basi acha kuuliza kama inawezekana. Uliza kwa nini bado umekaa.

Huna rekodi? Karani wa mahakama anazo. Omba nakala: ripoti ya polisi, kipimo, hukumu, cheti cha darasa ulilomaliza. Omba rekodi ya udereva kutoka kila jimbo ulilowahi kuwa na leseni. Majibu yanachukua wiki, ndiyo maana unaandika leo, si mwezi ujao.

Huna pesa za kuhangaika na madaktari? Basi usitupe hata shilingi. Usikimbilie daktari wa kwanza unayemwona na kuanza upimaji ukiwa mikono mitupu, maana upimaji ukishafunguliwa huwezi kusema umeghairi, lazima uishie mahali: upewe, upelekwe FAA, au ukataliwe. Tafuta kwanza daktari wa marubani mwenye mafunzo ya HIMS. Mwombe ushauri tu, bila upimaji. Mpe karatasi zako azisome. Atakwambia kipi kinakosekana kabla hujabonyeza chochote.

Tayari una leseni ya rubani, hata ile ya mwanafunzi? Basi una deni jingine, na hili limewaangusha watu waaminifu kabisa. Leseni yako ya gari ikisimamishwa kwa sababu ya pombe, una siku 60 za kuandikia kitengo cha usalama cha FAA. Ukihukumiwa baadaye kwa tukio hilohilo, unaandika tena, ndani ya siku 60 nyingine. Kumwambia daktari hakutoshi. Ni ofisi mbili, wajibu mbili. Siku zako 60 ziko wapi sasa hivi? Zimebaki ngapi?

Na wewe uliyekuja kwa viza ya masomo, mtafute pia wakili wa uhamiaji, wiki hii. Kukamatwa kwa ulevi barabarani kunaweza kuifanya Marekani ifute viza yako hata kabla ya hukumu. Usisikilize mtu wa kwenye kinyozi na hapo tena!

Unasema utarudi Nairobi au Dar ukaanzie huko, ambako hawajui? Viwango vya afya vya marubani vya kimataifa vinakataza mtegemezi wa pombe kupewa cheti popote, na ini lako utasafiri nalo. Utashuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere na mzigo uleule.

Sikuahidi cheti. Wapo watakaokataliwa, wapo watakaongoja miezi bila jibu, wapo watakaoambiwa walete karatasi nyingine tena na tena mpaka wachoke. Nikikwambia vinginevyo nitakuwa yule wa kinyozi. Ninachokwambia ni kwamba aliyekaa hana hata nafasi ya kukataliwa. Wewe bado hujakataliwa na mtu yeyote! Umejikataa mwenyewe, umejihukumu kifungo kisicho na mwisho kwa kosa ambalo hakimu alikupa faini na darasa la siku chache.

U mkali hivyo kwa nini juu ya nafsi yako? Na mkali huyo, mbona ni mvivu kiasi hiki kuisaidia?

Inuka.

Hapana, si kesho. Inuka sasa, nenda kabatini, ondoa zile nguo za baridi. Ifungue. Inyooshe mezani kwa kiganja. Soma kila mstari, hata ule unaokuuma, hasa ule wenye namba.

Ile chupa iliyo juu ya friji, imwage kwenye sinki. Tazama saa. Andika saa ile na tarehe ya leo kwenye karatasi safi.

Chini yake anza maelezo yako kwa FAA, kwa mkono wako, kwa lugha uliyozaliwa nayo, utayatafsiri baadaye. "Usiku ule nilikunywa chupa..."

Kisha uandike ngapi. Idadi ya kweli.