Kuzoea Si Kuonja

Kijana wa hapa Kiamaiko akiomba kazi, swali ni lile lile: una "experience" ya miaka mingapi? Kwa Kiswahili tunasema uzoefu, na uzoefu unatoka kwa kuzoea. Hapo ndipo nimekwama.

Mgeni akishuka tu hapa kwetu, harufu ya mbuzi na machinjio inamshika. Mimi siisikii tena. Kati yetu wawili, ni nani anaijua?

Mwezi uliopita nilienda kumfariji mama aliyezika mtoto. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, maneno yanatoka yenyewe, andiko baada ya andiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Mzee, wewe umewahi kuzika wako?"

Sijawahi. Mimi nilikuwa na uzoefu wa matanga. Yeye alikuwa na msiba.

Someni 1 Samweli 3. Kijana Samweli alilala hekaluni, palipokuwa na sanduku la Mungu, na bado alipoitwa alikimbia kwa Eli, tena mara tatu! Mahali alikuwa amepazoea, sauti hakuijua. Na Daudi katika Zaburi 34 hatuambii tuuzoee wema wa Bwana. Anatuita tuuonje, kama mtu anayeweka chakula mdomoni mwake mwenyewe.

Nilirudi kwa yule mama Jumanne iliyofuata. Sikufungua Biblia. Alikuwa anamenya viazi, nikaomba kisu, tukamenya.