Aonekane na Nani?

Mkahawa mmoja hapa Tanga umetundika picha ya bibi yangu akiwa amempakata mama yangu, imekuzwa kufikia kimo cha mlango. Ilipigwa studio, Ngamiani. Aliyeinakili alionyeshwa albamu msibani, akatoa simu. Nilipolalamika nikaambiwa: “Si alikwenda mwenyewe, akajipamba, akalipa? Alitaka aonekane.”

Faragha ni haki ya mtu kuchagua nani ayajue mambo yake, tuichukue hivyo. Kwamba picha zikifungiwa kabatini mji utapoteza kumbukumbu zake, nakubali.

Lakini alitaka aonekane na nani? Mwanamke anayejifukiza udi kwa ajili ya mumewe hajaualika mtaa mzima. Na kulipa je? Aliyelipa kanunua, hawa wanamhesabu kuwa kauza. Tena alichokipanga ni gauni, kipini na shingo iliyonyooka. Vidole hakuvipanga. Vya mkono wa kushoto vimezama kwenye paja la mtoto, vinamzuia asichupe, na bado unyayo mmoja umetoka ukungu kwa kurushwarushwa. Macho yanamtazama mpiga picha, mkono uko na mwanawe tu. Ukaribu wao umo hapo, katika jambo ambalo mwenyewe hakujua kuwa linaonekana. Aliliridhia lini?

Mama hakubaliani nami. Anataka ibaki ukutani, ila jina la mamake liandikwe chini.

Kuna picha za Uingereza za karne ya 19 ambazo siachi kuzitafuta. Kamera za siku zile zilitaka mtoto atulie sekunde kadhaa, basi mama alifunikwa shuka, akageuzwa kiti, akamshika mwanawe kwa nyuma. Wamemfuta, na bado mahali pa kwanza jicho linapokwenda ni pale shuka linapovimba. Mwandishi Mfaransa Roland Barthes naye, katika kitabu chake cha 1980, aliieleza kwa kirefu picha ya mamake akiwa mtoto, kisha akakataa kuichapisha: kwetu sisi ingekuwa picha tu.

Sasa nifanyeje na picha za Walther Dobbertin, aliyetembea na kamera huku enzi za Mjerumani? Mwaka 2008 hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani ilifungulia dunia picha karibu 100,000, na zake zimo. Nawatazama wanawake wa pwani wanavyojifunga nguo, najifunza. Kwa hoja yangu, zifungwe. Kwa hoja ya mama, ziandikwe majina, na wengi wao hakuna aliyewauliza majina.