Boya Halina Mdomo

Niliona kamba ikiligusa boya. Nianze hapo, kwa sababu mengine yote yametoka kwenye hiyo sekunde moja, na kwa sababu siku ile baharini hakuna mtu mwingine aliyeona.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, wa Mji wa Kale, na ukoo wa baba ni watu wa Lamu. Nilipofika Cape Town kusoma, nikasikia kuna klabu inafundisha vijana mashindano ya matanga, nilienda nikiwa na kiburi cha mtu wa Pwani. Bahari naijua, nikajiambia. Manze, sikuijua. Maji ya kule ni baridi ya kukukata pumzi, hata katikati ya kiangazi. Upepo wao mkubwa, ule wa kusini-mashariki ambao wenyeji wanauita Daktari, haupandi pole pole kama kusi yetu. Unaona wingu jeupe limejitandika juu ya mlima kama kitambaa cha meza, na nusu saa baadaye unashikilia kitu chochote kilichofungwa vizuri.

Mashua tunazoshindania zinaitwa J/22. Ni kilboti, yaani mashua yenye mkuku mzito unaoshuka chini ya maji kama pezi, na ndani ya mkuku huo mna zaidi ya kilo 300 za risasi. Mashua yenyewe haifiki hata mita 7. Kwa mtu aliyekulia kuona mashindano ya Lamu, ambako farumi ni magunia ya mchanga na vijana wanaotoka nje kwenye ubao upande wa joshi, hii ilinishangaza: uzito umeshaamuliwa kiwandani, hauonekani, na hauwezi kuutupa ukitaka wepesi.

Uzito wa watu nao una sheria. Mabaharia wote pamoja wasizidi kilo 275, na kabla ya mashindano mnapimwa kama mizigo ya airport. Nahodha wetu, msichana aliyeanza kushika usukani akiwa na miaka tisa, alikuwa na kilo 66. Wa tanga kubwa, 71. Wa spineka, lile tanga la rangi linalovimba kama puto mashua ikienda na upepo, alikuwa na 78. Mimi nina 58. Si uongo, nilichaguliwa kwa ajili ya hizo 58. Kipaji kilikuja baadaye, kama kilikuja. Nikapewa kazi ya omo: kukaa mbele, kupandisha spineka, kuishusha, kuhakikisha kamba zake hazining'inii nje.

Kumbuka hiyo kazi ya mwisho.

Sasa, jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa ni kwamba kwenye mbio zetu hakuna refa. Kamati inapiga honi ya kuanza na inaandika nani amefika lini, basi. Ukimkosea mwenzako, anaweza kupaza sauti, apandishe bendera nyekundu, na jioni mkakaa mbele ya jopo mkiwa bado na chumvi usoni. Lakini kanuni ya kwanza kabisa ya mchezo, iliyoandikwa hata kabla ya sheria namba moja, inasema mashua iliyovunja sheria ijiadhibu yenyewe, papo hapo. Ukiligusa boya unajitenga na wenzako, unaizungusha mashua duara moja kamili, halafu unaendelea. Na kugusa si lazima iwe ubavu wa mashua. Mkono wako ni mashua. Tanga ni mashua. Kamba ni mashua.

Kwetu sisi tuliolelewa na mpira hii ni kama utani. Maradona alifunga kwa mkono mwaka 1986 dhidi ya Uingereza na bado tunavaa jezi zake. Mwaka 2009 Thierry Henry aliushika mpira, Ufaransa ikaenda Kombe la Dunia, Ireland ikabaki nyumbani. Alikiri baadaye, lakini bao lilikuwa limeshahesabiwa. Mpira umempa refa abebe dhamiri ya watu 22. Akikosa kuona, ni kosa lake. Sisi tunasema "kazi yake hiyo" na tunaagiza soda nyingine.

Nilimweleza ami yangu hiyo sheria kwa simu. Yeye ameshindana na mashua Lamu tangu ujana, na akisimulia utadhani hakuna mwaka aliokosa kushinda. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani umeligusa, hapana mtu aliyekuona, na wajigeuza mwenyewe kama kuku aliyekatwa kichwa? Mwanangu, hilo boya lina mdomo?"

Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijaligusa boya lolote bado.

Regata yenyewe ilikuwa ya vijana, siku tatu, mashua 11, mbio sita. Mashua tatu za juu zingepelekwa kushindana Durban, tiketi zimelipwa. Kwa nahodha wetu Durban ilikuwa hatua ya kawaida. Kwangu ilikuwa safari nzuri. Kwa yule wa spineka, kijana wa Khayelitsha ambaye mama yake alikuwa ameshawatangazia jirani wote, ingekuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Mbio ya sita, boya la juu, upepo umekaza. Tunalizunguka likiwa mkono wa kushoto, tuko nafasi ya tatu. Nahodha amelipitia karibu sana, vizuri sana, vile anavyojua. Mimi niko mbele, mikono imejaa, na nikitupa jicho chini naona kamba ya spineka ya upande ule imelegea na inaning'inia nje ya mashua. Sikuikaza. Ni kazi yangu na sikuifanya. Ikapita juu ya boya, ikalisugua kidogo, ikaondoka. Boya halikutikisika hata. Wenzangu watatu walikuwa wanatazama juu, tanga linapanda.

Kile nilichopaswa kupiga kelele ni neno moja. Tungejizungusha, sekunde 20 hivi, labda mashua mbili zingetupita, labda tatu. Sikusema. Nitakuwa mkweli kuhusu sababu, maana nikisema nilifikiria Durban au mama wa Khayelitsha nitakuwa najipamba. Sikutaka nahodha ajue ni kamba yangu. Hiyo tu. Aibu ya mtoto wa Pwani aliyekuja akisema bahari anaijua.

Tukamaliza wa tatu. Ukijumlisha mbio zote, pointi 24, na kwenye matanga pointi chache ndiyo nzuri: wa kwanza anapata 1, wa pili 2. Tukawa wa tatu kwa jumla, tukiwapita waliotufuata kwa pointi moja. Watu wakakumbatiana. Kijana wa spineka alinibeba mgongoni kutoka gatini hadi mlango wa klabu.

Wasomi watakukumbusha hadithi ya Plato, ile ya mchungaji Gyges aliyeokota pete inayomfanya asionekane, na swali lake: kama hakuna atakayekuona, kwa nini uwe mwema? Niliisoma mwaka wa kwanza na nikaona ni swali zuri. Siku hizi naona limeacha jambo moja. Gyges alikuwa peke yake ndani ya pete. Mimi niliwaingiza watu watatu bila wao kujua. Walikuwa wanasherehekea ndani ya uongo wangu kama watu wanaocheza muziki kwenye nyumba ambayo kodi haijalipwa.

Usiku huo sikulala. Saa nne nikampigia nahodha, nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani atanitukana. Badala yake akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa nini umeniambia mimi?"

Nikasema kwa sababu wewe ndiye nahodha.

"Hapana," akasema. "Umeniambia kwa sababu lilikuwa zito. Sasa liko kwangu."

Na alikuwa sahihi. Kabla ya simu ile, kulikuwa na mtu mmoja anayejua. Baada yake, kama angenyamaza, angekuwa mwizi na yeye. Sikuwa nimelitua jiwe, nilikuwa nimelihamishia upande wake wa mashua.

Asubuhi aliiandikia kamati kwamba tunajiondoa katika mbio ya sita. Sheria inaruhusu, hata baada ya kumaliza. Unapewa pointi za idadi ya mashua ukiongeza moja, kwa hiyo badala ya 3 tukapata 12. Kutoka 24 tukawa 33, kutoka wa tatu tukawa wa tano. Ukweli una riba kama Fuliza: kwenye boya ungenigharimu sekunde 20, asubuhi ile ulitugharimu Durban.

Kwenye klabu watu walitupongeza, na hiyo ndiyo sehemu iliyonichoma kuliko zote. Mzee mmoja alinishika bega akaanza habari za Lawrence Lemieux, Mkanada wa Olimpiki ya 1988. Huyu alikuwa wa pili kwenye mbio yake kule Pusan alipoona mabaharia wawili wa Singapore wako majini, mashua yao imepinduka. Akaacha mbio, akaenda kuwaokoa. Waamuzi baadaye walimrudishia nafasi ya pili kwenye mbio hiyo, ingawa medali ya mashindano hakuipata, na akapewa nishani ya Pierre de Coubertin. Ni hadithi nzuri, na naipenda. Lakini mzee wangu, haituhusu. Lemieux alitoa kilicho chake. Alikuwa peke yake kwenye mashua ya mtu mmoja. Kamba ilinigusa mimi, na aliyelipa ni mwingine.

Huyo mwingine alinitafuta kwenye maegesho. Hakupiga kelele. Alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Umenunua usingizi wako kwa tiketi yangu."

Sina jibu safi. Nimejaribu kadhaa. La kwanza ni kwamba tiketi haikuwa yake, ilikuwa ya wale wa nne, waliokuwa nyuma yetu kwa pointi moja. Hawa nao ni watu. Mmoja wao alinikopesha glavu siku ya pili, zangu zilipochanika, na bado ninazo. Jibu hilo naliamini. Lakini nikijisikiliza ninavyolitoa, naona nalitoa haraka, kama mtu anayeonyesha risiti.

La pili ni kwamba kosa langu halikuwa kusema bali kuchelewa. Kweli, lakini hilo linajibu swali la saa nane mchana, si la saa nne usiku. Saa nne usiku boya lilikuwa limeshapita. Kilichobaki ni kuchagua nani aumie, na nilichagua nikiwa peke yangu chumbani, nikiita hiyo dhamiri.

Ninachofikiri sasa ni kwamba nilipaswa kuwaambia wote watatu kwa pamoja, macho kwa macho, kabla ya kumpigia nahodha. Utaniuliza: na kama kijana wa spineka angesema tunyamaze, ungenyamaza? Hapana. Sasa ya nini kumuuliza? Hapo ndipo hugombana na nafsi yangu. Nadhani kumwambia mtu kwamba unaenda kumpokonya kitu, ukakaa pale akutazame, akutukane ikibidi, si sawa na kumfanya asome barua ya kamati ubaoni. Ruhusa yake haingenifunga, lakini hasira yake ilikuwa na haki ya kusikika mapema kuliko pongezi za wazee. Mimi niliikimbia, kama nilivyolikimbia lile neno moja kwenye boya. Mara mbili, woga ule ule.

Ami nilimwambia miezi baadaye, nilipokuja likizo. Safari hii hakucheka. Alitaka kujua kamba ilikuwa ya upande gani na kwa nini sikuikaza. Nikamweleza. Akanifundisha fundo ambalo huwa analitumia yeye, la kuizuia kamba isilegee, tukalifunga na kulifungua barazani mpaka adhana ya magharibi. Kuhusu kukiri hakusema neno.

Kijana wa spineka alirudi baada ya wiki tatu. Hakuna aliyesema amesamehe. Tulihitaji mtu wa kilo 78, yeye alihitaji mashua. Jumatano jioni ndiyo siku ya mbio zetu za kawaida, na tangu arudi ana tabia mpya: tukilikaribia boya lolote, hata tukiwa wa mwisho, hata upepo ukiwa umekufa, anageuka mbele nilipo na kupaza sauti mashua zote zisikie.

"Kamba!"

Nami naikaza.