Mstari wa Mwenendo

Shule zifungwapo, watoto wa Kasongo na Kabambare hurudi nyumbani na buletini mkononi. Baba hutazama asilimia, hufurahi au hukasirika, basi. Mstari wa mwenendo, ulio chini, hausomi.

Lakini mstari ule husafiri mbali. Mtu apendaye kuingia chuo kikuu hapeleki Diploma ya Serikali peke yake, ile ambayo mtihani wake ulianza mwaka 1967. Mara nyingi huombwa pia buletini za miaka miwili ya mwisho, tena cheti cha mwenendo mwema. Huko Kindu au Bukavu, karani aona neno «mbaya». Hajui kama kijana aliiba, au alipigana, au alichelewa mara nyingi kwa sababu mto Luama ulijaa. Je, ni haki neno hilo limfungie njia?

Wako wazazi waendao kwa prefe usiku, na mbuzi. Hiyo si huruma. Prefe apokeaye mbuzi na kuandika «mzuri» amevunja amri ya nane. Tena amemdhulumu mwanafunzi mwingine aliyevumilia miaka yote pasipo kosa, kwa maana nafasi za chuo ni chache. Naye mtoto amejifunza bei ya uongo, somo lisilokuwamo katika ratiba.

Hata hivyo, mwalimu aandikaye kosa na kuiacha toba, naye hajasema ukweli wote. Kijana wa bweni alitoroka usiku, akafukuzwa siku tatu, akarudi, akaomba radhi, akakaa mwaka mzima bila kuonywa. Kumwandikia kosa lile tu ni kumchora mtu akiwa amelala, kisha kusema hajui kutembea.

Wakatekumeni hawashangazwi na jambo hili. Kardinali Lavigerie aliwaagiza mapadri wake kwamba matayarisho ya ubatizo yachukue miaka minne, ili mwenendo uonekane kwa muda mrefu. Ushuhuda wa katekista ulihusu maisha ya mtu, si siku aliyoanguka tu.

Mstari wa buletini ni mfupi, lakini prefe aweza kuongeza barua na kuitia muhuri: kosa lilikuwa hili, adhabu ilikuwa hii, na tangu hapo mwanafunzi ameishi hivi. Mzazi wa Kabambare amwache mbuzi zizini. Aende kuiomba barua hiyo mchana, mtoto wake akisikia.