Kilekile au Kingine? Swali la Pikipiki ya Theluji Iliyofufuliwa

Kufufua pikipiki ya theluji iliyochakaa ni kazi ya ufundi, lakini ndani yake limo swali la kale la falsafa: kitu kilichobadilishwa sehemu zake moja baada ya nyingine hubaki kilekile, au huwa kitu kingine kilichorithi jina? Mnunuzi humuuliza muuzaji swali hilo, na mhifadhi wa makumbusho hujiuliza kabla ya kuandika kibao cha maelezo. Dini nazo zililikabili zamani, kwa kuwa fundisho la ufufuo wa miili haliwezi kuelezwa bila kusema ni nini kinachomfanya aliyefufuka awe ndiye yuleyule aliyekufa.

Mashine na uchakavu wake

Pikipiki ya theluji ni chombo chepesi chenye ski mbili mbele za kukielekezea, na nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka na kukisukuma. Historia yake imefungamana na mji wa Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, alikozaliwa Joseph-Armand Bombardier mwaka 1907. Mwaka 1922, akiwa bado kijana, alifunga injini ya gari la Ford Model T kwenye sleji iliyosukumwa na pangaboi. Katika majira ya baridi ya 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka 2, alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Theluji ilikuwa imefunga barabara, na hakukuwa na chombo cha kumfikisha hospitali. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mkanda, akaanza kuuza magari makubwa ya theluji ya kubeba abiria. Mashine ndogo ya Ski-Doo ilifuata mwaka 1959. Miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia alikuwa padri mmisionari Maurice Ouimet, aliyehudumu Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario, ambako waumini walitengwa na masafa marefu ya theluji.

Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni mengi ya Kanada na Marekani yaliingia katika biashara hiyo, kisha mengi yakafunga milango. Ndiyo maana mashine nyingi za wakati huo leo hazina kiwanda cha kuagizia vipuri. Ile iliyoachwa bandani kwa miongo kadhaa huwa na pistoni iliyogandia ndani ya silinda kwa kutu, kabureta iliyozibwa na masalia magumu ya petroli, kiti kilichotafunwa na panya, mkanda wa mpira uliopasukapasuka na boneti ya faibaglasi yenye nyufa. Mara nyingi fundi hulazimika kutafuta mashine ya pili ya aina hiyohiyo, ambayo huchinjwa ili itoe vipuri kwa ya kwanza.

Kazi huanza kwa kupiga picha na kuweka alama kila nati na bolti kabla ya kufungua. Injini hushushwa, pistoni hulegezwa kwa oili ya kupenya kutu, na silinda iliyolika huchongwa upya ili ipokee pistoni pana zaidi. Platini na kondensa husafishwa au hubadilishwa, ili plagi itoe cheche ya kutosha.

Kipuri kimoja chafaa kutazamwa kwa karibu. Mashine nyingi za enzi hiyo zilitumia injini ya mipigo miwili, ambayo mchanganyiko wake wa hewa, petroli na oili hupita kwanza katika chumba cha krenkishafti kabla ya kupanda kwenye silinda. Pembeni mwa chumba hicho kuna sili za mpira, pete ndogo zinazozuia hewa kupenya. Sili zikikauka kwa uzee, hewa ya ziada huingia, mchanganyiko huwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, joto hupanda na pistoni huungua. Injini inaweza kuwaka na kunguruma vizuri, kumbe inajiangamiza. Anayebakiza sili za zamani kwa kuheshimu uasilia anaihukumia injini kifo, na anayezibadilisha ameondoa sehemu ya mashine ya kwanza. Hakuna njia ya tatu, na uamuzi wa namna hiyo hurudiwa kwa kila kipuri hadi kazi iishe.

Meli ya Theseus

Swali hili lilipata umbo lake maarufu kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1 na ya 2. Katika maisha ya shujaa Theseus anaeleza kwamba Waathene waliitunza meli yake ya makasia 30 kwa vizazi vingi, wakitoa mbao zilizooza na kutia nyingine imara mahali pake. Wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema meli imebaki ileile, wengine wakasema sivyo.

Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, aliongeza ugumu. Tuseme mtu aliziokota mbao zote zilizotolewa, akaziunganisha kwa mpangilio uleule wa zamani. Sasa zipo meli mbili, na kila moja ina hoja ya kudai kuwa meli ya Theseus: moja kwa kutokatika kwa historia yake, nyingine kwa kuwa na mbao zilezile. Katika karakana za mashine za zamani jambo hilo hutokea kweli. Chesisi yenye namba ya kiwanda hubaki kwa mtu mmoja, injini ya awali huuzwa kwa mwingine, na baada ya miaka kila mmoja huamini kwamba anayo mashine ya kweli.

Majibu manne

Jibu la kwanza hutegemea mada, yaani vitu vilivyounda mashine: kitu ni kilekile maadamu chuma, mpira na faibaglasi ni vilevile. Jibu hili linaeleweka, lakini linadai mno. Mashine hupoteza mada tangu siku ya kwanza ya kutumika: mkanda hulika na ringi za pistoni husagika. Kwa kipimo hicho, hakuna mashine iliyowahi kufanya kazi ikabaki ileile.

Jibu la pili hutegemea umbo na kusudi. Aristotle alifundisha kwamba kitu huelezwa kwa mada yake, umbo lake, kilichokisababisha na lengo lake. Kwa mtazamo huu, mpangilio ukidumu na mashine ikiendelea kupita juu ya theluji, bado ipo. David Hume, katika karne ya 18, alieleza kwamba lengo la pamoja huifanya akili ya mtu ikubali mabadiliko makubwa. Alitoa mfano wa kanisa la matofali lililobomoka, kisha waumini wakalijenga upya kwa mawe na kuendelea kusema ni kanisa lilelile. Udhaifu wa jibu hili uko wazi: mashine mbili zilizotoka kiwandani siku moja zina umbo moja na kusudi moja, lakini si mashine moja.

Jibu la tatu ni la John Locke. Alitenganisha lundo la mada na kiumbe hai. Mwaloni hubadilisha karibu kila chembe yake tangu mche hadi mti mkubwa, lakini hubaki mwaloni uleule kwa kuwa uhai mmoja unaendelea ndani yake. Hapo mashine hukosa kitu. Haiponyi jeraha lake wala haioteshi kipuri kipya, na ikivunjika hukaa imevunjika hadi mtu aishike.

Jibu la nne linatoka katika mapokeo ya Kibudha. Katika mazungumzo yanayosimuliwa kati ya mfalme Milinda na mtawa Nagasena, mtawa anauliza gari la farasi ni lipi hasa: ni magurudumu, ekseli, au mti wa kukokotea? Hakuna hata kimoja, na nje ya hivyo vyote gari halionekani. Jina ni njia ya watu kukusanya sehemu zilizopangwa pamoja. Fundisho hili humzuia mtu kusaka kiini kilichojificha ndani ya chuma. Hata hivyo mnunuzi na mhifadhi bado wanahitaji kujua ni lini jina limetumika kwa haki na ni lini limetumika kwa udanganyifu.

Dini na ufufuo wa mwili

Mwanzoni mwa karne ya 5, Agostino wa Hippo alikabiliana na wasiwasi kwamba miili iliyooza na kutawanyika haiwezi kurudi. Alijibu kwa mfano wa sanamu ya madini iliyoyeyushwa. Fundi akiitengeneza upya kwa madini yaleyale, si lazima kila punje irudi mahali ilipokuwa, mradi mada yote imerejea katika kazi yake. Kwa Agostino, Mungu ndiye fundi asiyepotewa na kitu.

Katika falsafa ya Kiislamu mjadala ulikwenda mbali zaidi. Ibn Sina alishikilia kwamba kilichotoweka kabisa hakiwezi kurejeshwa kikiwa kilekile, kwani kitakachotokea baadaye kitakuwa mfano wake tu. Mwishoni mwa karne ya 11, al-Ghazali aliwajibu wanafalsafa katika Tahafut al-Falasifa, akitetea ufufuo wa kimwili. Alieleza kwamba nafsi yaweza kurudishiwa mwili, uwe wa mada ileile au nyingine, na mtu akawa yuleyule, kwa sababu mtu ni mtu kwa nafsi yake na si kwa mwili wake. Hata katika maisha haya mwili hubadilika tangu utoto hadi uzee, na mtu habadiliki kuwa mwingine.

Mafundisho haya yanaiangazia mashine kwa kuonyesha pale inapotofautiana na mtu. Mtu, kwa imani hizo, ana nafsi inayobeba utambulisho wake kuvuka mabadiliko ya mwili, na ana Muumba anayemjua. Pikipiki ya theluji haina nafsi. Ikifunguliwa vipande 300 juu ya meza, hakuna chochote ndani ya vipande hivyo kinachosema kwamba ni kitu kimoja. Kinachoviunganisha wakati huo ni nia ya fundi, alama alizoziweka na kumbukumbu yake. Hapa ndipo jibu lilipo: kitu kisicho na uhai hakijibebei utambulisho wake. Wanaokitunza ndio wanaokibebea, na wakiacha kuubeba kwa ukweli, hupotea hata kama chuma chote kingalipo.

Wajibu wa mrejeshaji

Jibu hilo huligeuza swali la kuwapo kwa kitu kuwa pia swali la uadilifu. Watunza majengo wa Ulaya walibishana juu yake katika karne ya 19. Mfaransa Eugène Viollet-le-Duc aliona kwamba kurejesha jengo ni kulifikisha katika ukamilifu ambao huenda halikuwahi kuwa nao wakati wowote. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1849, alipinga vikali, akauita urejeshaji wa namna hiyo uongo na uharibifu, kwa kuwa alama za mikono ya waliojenga haziwezi kuigwa. Mwaka 1964 Mkataba wa Venice uliweka kanuni za kati: urejeshaji ukome pale dhana inapoanza, sehemu mpya zilingane na za zamani lakini zitambulike, na michango halali ya vipindi vyote iheshimiwe.

Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya majengo ya kihistoria, lakini zinaifaa mitambo. Boneti yenye rangi ya kiwandani iliyofifia ina ushahidi ambao rangi mpya ing'aayo hauna. Mashine ikipakwa rangi yote, ushahidi huo umefutwa milele. Kiraka cha bati kilichopigiliwa na mkulima wa Quebec aliyekwama mbali na nyumbani nacho ni sehemu ya maisha ya mashine, hata kama si cha kiwandani. Kwa upande mwingine, mashine ilitengenezwa ili iende. Kuikataza isiwake kamwe kwa hofu ya kuigusa ni kuinyima lile lililokuwa sababu ya kutengenezwa kwake. Kati ya madai hayo mawili hakuna kanuni moja inayomaliza kesi zote. Mashine pekee iliyosalia ya aina yake inastahili kuguswa kidogo sana, na ile iliyotoka kwa maelfu inaweza kuvumilia zaidi.

Kilicho wajibu katika kesi zote ni kusema kweli. Fundi mwadilifu huhifadhi sehemu alizoziondoa, huandika kila kilichobadilishwa na asili ya kila kipuri, na habandiki namba ya kiwanda ya mashine moja juu ya chesisi ya nyingine. Ikiwa boneti imetoka kwa mashine iliyochinjwa, hilo huandikwa. Ikiwa injini ni ya mwaka mwingine, hilo pia huandikwa.

Kwa hiyo pikipiki ya theluji iliyofufuliwa yaweza kuitwa ileile iwapo mambo matatu yametimia: historia yake haikukatika, kwa maana ya kwamba kila hatua ya mabadiliko inaweza kufuatiliwa, mpangilio na kazi yake vimedumu, na hesabu ya mada iliyotoka na iliyoingia imetolewa bila kuficha. Likipungua la kwanza, kilichopo ni nakala. Likipungua la pili, kilichopo ni masalia au mashine nyingine iliyoundwa kwa masalia hayo. Likipungua la tatu, chuma kinaweza kuwa kizuri na injini ikanguruma, lakini dai la kwamba ni ileile limekosa shahidi, na kitu kisichoweza kujishuhudia hakina namna nyingine ya kulithibitisha.